Mjomba Asiye na Jina

Karungu, Sabato mchana

Akoth, mwanangu,

Siku ile niliporudi nyumbani na kiatu kimoja, nikawaambia wewe na nyanya yetu Dani kwamba kingine kimenaswa na tope njiani kutoka Macalder, nilidanganya. Sikuwa nimekwenda Macalder kumwona Baba. Nilikuwa Migori mjini, na kiatu changu kilibaki katika ua wa nyumba ya wageni nilipokuwa nikimkimbia mwanamume mzima. Ni miaka mitatu sasa na sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiwe wa kwanza.

Ninakuandikia kwa sababu unanijua. Mimi mdomo hunikauka hata nikiitwa kusoma kifungu kimoja darasani. Tena naandika kwa Kiswahili, si kwa lugha tunayoongea jikoni, kwa sababu kwa Kijaluo maneno haya yangeniunguza. Kiswahili ni cha insha. Naweza kukishika kama mtu anavyoshika sufuria ya moto kwa kitambaa. Wewe na Dani mko kwenye mazoezi ya kwaya. Nimesema kichwa kinaniuma. Huo nao ni uongo, ila natumaini ni wa mwisho.

Kesho Waya atakuja kukuchukua mwende Homa Bay, ukaishi kwake na kusoma huko. Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kumeza dawa ya malaria mpaka iishe. Waya ni dada wa Baba, atakuambia hayo yote kwa sauti ambayo hata majirani watafua soksi zao. Mimi nataka kukuandikia yale nisiyoweza kuyasema tukiwa tumekaa pamoja.

Kwanza, unisamehe kwa kukuita mwanangu. Najua unacheka. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na tumezaliwa tumbo moja. Lakini Mama alipofariki ulikuwa na miaka sita, na Baba akarudi kwenye machimbo yake ya dhahabu kana kwamba Mama alikuwa amezikwa huko. Wanawake wanaoanika omena ufuoni ndio walioanza kuniita Min Akoth, mama yake Akoth. “Min Akoth, mtoto wako amekula leo?” “Min Akoth, mbona mtoto wako ana kamasi kama hana wazazi?” Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaona haya ya kufa. Kisha siku moja mmoja wao aliniita hivyo nikaitika. Tangu siku hiyo hawakuniita hivyo kwa mzaha tena.

Tangu juma lililopita nimeanza kukukumbuka hali bado upo. Nakutazama ukichambua mchele na tayari nakukumbuka ukichambua mchele. Unaimba sauti ya tatu ukiwa peke yako, sauti ambayo bila zile nyingine haina hata wimbo, nami nasimama nyuma ya mlango nasikiliza. Jana ulipokuwa umelala na mguu wako juu ya tumbo langu kama kawaida yako, sikuuondoa. Siku zote nilikuwa nikiuondoa.

Sasa habari ya kiatu.

Nilikuwa darasa la nane. Kulikuwa na gazeti la vijana lililopita mkono hadi mkono shuleni mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa wa marafiki wa kalamu: majina, umri, anwani, na mambo wanayoyapenda. Wavulana wengine wote walipenda kandanda na muziki. Mmoja, aliyejiita Felix, aliandika kwamba anapenda kusoma vitabu na kuwasikiliza watu. Hilo la kusikiliza ndilo lililonishika. Nyumbani kwetu kulikuwa na kazi, na Dani, na wewe. Hakukuwa na mtu wa kunisikiliza. Nikamwandikia.

Alijibu upesi. Alisema ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni Homa Bay, ila barua nizitume kwa sanduku la rafiki yake mjini kwa sababu shuleni kwao walimu hufungua barua. Niliamini, maana hata kwetu walifungua.

Unajua tulivyolelewa. Msichana akikutana na mvulana, kabla salamu hazijapoa, anauliza kwao ni wapi, na mama yake alitoka wapi, asije akampenda ndugu yake bila kujua. Dani alinifundisha hivyo kabla sijajua kuandika. Felix pia alilijua hilo. Katika barua yake ya kwanza aliuliza yeye, kabla yangu: “Ninyi ni watu wa wapi? Na mama yako alizaliwa wapi?” Nikamjibu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwamba sisi ni wa Karungu na Mama alitoka Gwassi. Barua ya pili ilikuja imejaa furaha. “Kumbe! Mimi ni wa Gwassi! Basi wewe ni mtoto wa dada yetu. Mimi ni mjomba wako.”

Kwetu wanaume wote wa upande wa mama, hata anayenyonya, ni wajomba. Mjomba hamwoi mtoto wa dada yake. Hata kulifikiria jambo hilo ni aibu. Kwa hiyo mlango niliofundishwa kuufunga niliufungua wazi, kwa kutumia swali lilelile nililopewa la kuufungia. Sikuona kwamba nimempa jibu langu kabla hajatoa lake. Mtu anayekuuliza wewe kwanza, kisha akawa sawasawa na ulichosema! Nimelifikiria jambo hilo miaka mitatu, Akoth, na bado linanitoa jasho.

Hata Dani alinaswa. Aliona bahasha siku moja.

“Ni nani huyo anayekuandikia kila wiki kama serikali?”

“Ni mtu wa kwa kina Mama.”

“Wa Gwassi?”

“Ndiyo, Dani.”

“Basi ni wajomba zako. Msalimie. Mwambie mjomba huleta mbuzi, haleti karatasi.”

Tukacheka sote watatu. Wewe ulicheka kuliko sisi, ingawa hukujua tunacheka nini. Basi ikawa ndiyo ruhusa.

Nataka kukuambia ukweli wote, hata ule unaoniaibisha: zile barua zilinipa furaha. Alinitumia kitabu kisicho na jalada, akaniuliza maoni yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maoni yangu isipokuwa kama chumvi imetosha. Aliweka stempu ndani ya bahasha ili nisimsumbue Dani. Alikumbuka mwezi aliofariki Mama, akaniandikia mwezi huo, wakati Baba mwenyewe hakusema neno. Nilimwambia kwamba Mama, tukiwa wawili tu, alikuwa akiniita Nyar Buk, binti wa kitabu. Na nilimwandikia kuhusu wewe, kurasa kwa kurasa. Pengo lako la meno. Kwamba unaogopa kiboko lakini huogopi nyoka. Kwamba utafanya lolote kwa mtu atakayekusifu sauti yako.

Hayo nayaandika polepole. Mimi ndiye niliyemwambia.

Mwaka huo ndio naibu wa mwalimu mkuu alipoisoma barua ya msichana mmoja wa darasa letu mbele ya gwaride. Labda unakumbuka, ingawa ulikuwa mdogo. Ilikuwa barua ya mvulana wa rika lake, akimwomba daftari la hesabu na kumwambia ana macho mazuri. Basi. Naibu aliisoma kwa kuigiza sauti, shule nzima ikacheka, na yule msichana hakurudi kufanya mtihani. Sisi wengine tuliokuwa na barua hatukujifunza kuacha. Tulijifunza kuficha vizuri zaidi. Felix hakuwa na msaidizi mkubwa kuliko yule naibu, na hawakujuana.

Nilipomwandikia Felix habari hiyo, alijibu kwa upole. Alisema niwe naandika jina la mdogo wangu kwenye anwani ninayompa, kwa kuwa walimu hawafungui barua za watoto wa madarasa ya chini. Kuanzia hapo bahasha zikawa zinakuja kwa jina lako. Karani wa shule anakupa, unaziweka chini ya sweta, unaniletea. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikupa peremende nikakuambia, “Hii ni siri yetu, Akoth. Mtoto mwerevu hatoi siri.” Ulikuwa hodari mno. Hata Dani alipokuuliza ni nini kinachokwaruza chini ya sweta, ulisema ni daftari.

Yeye alinifundisha mimi kuficha, nami nikakufundisha wewe. Kati ya makosa yangu yote, hilo ndilo ninalolilia.

Baada ya miezi kadhaa barua zilibadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyopata joto ukiwa umeshatia mguu. Alianza kuniuliza mambo ya mwili wangu, akiuliza kama daktari. Aliniomba picha, kisha picha nyingine. Niliposema sitaki, hakugomba. Alinyamaza majuma matatu. Huwezi kujua majuma matatu yalivyo marefu kwa mtu aliyezoea kusikilizwa. Kisha akaandika kwamba nimemvunja moyo, kwamba yeye ameniamini kuliko ninavyomwamini, na kwamba tukionana ana kwa ana yatakwisha. Tuonane Migori, siku ya Jumapili, mbele ya duka la mpiga picha. Atavaa sweta la shule la buluu.

Niliwaambia naenda Macalder kumwona Baba. Ulilia ukitaka kuja nami, nikakukatalia kwa ukali.

Mbele ya duka la mpiga picha hapakuwa na sweta la buluu. Nilisimama sana. Kisha akaja mwanamume mwenye kitambi kidogo na mkoba wa ngozi, umri wa Baba au zaidi, akatabasamu. “Wewe ni Awuor? Felix amenituma. Mimi ni kaka yake mkubwa. Ameshikwa na homa, amelala hapo nyuma, hawezi kutembea. Njoo umwone.”

Nilimfuata. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimefundishwa kumheshimu mtu mzima, na aliyekuwa mgonjwa alikuwa rafiki yangu. Tulipita kichochoro tukatokea kwenye ua wa nyumba ya wageni. Mwanamke mmoja alikuwa akifua shuka kwenye karai, mikono imejaa povu. Yule mwanamume aliniona nimepunguza mwendo, akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, “Usiogope, Nyar Buk.”

Akoth, jina hilo lilikuwa la Mama na mimi. Nililiandika mara moja tu, katika barua kwa Felix. Hapo ndipo nilipojua kwamba ndani hakuna mgonjwa. Hakukuwa na Felix. Alikuwa ni huyu, tangu barua ya kwanza.

Nilijua, na bado sikuweza kusema neno. Ni yule mwanamke aliyesema. Alikuwa Mkuria, wa kutoka Kegonga, kama alivyoniambia baadaye, na alinisemesha kwa Kiswahili.

“Wewe msichana. Huyu ni nani wako?”

“Mjomba,” nikasema. Ndilo neno lililotoka.

“Mjomba wako anaitwaje?”

Nikafungua mdomo. Sikuwa na jina. Felix halikuwa jina lake, na lingine sikulijua.

“Mama, endelea na kazi yako,” yule mwanamume akasema. “Hii ni mambo ya familia.”

“Kazi yangu naifanya, huoni povu? Nimemuuliza mtoto.” Akasimama, akajifuta mikono kwenye leso. “Mimi ni Mkuria, mambo ya koo zenu siyajui. Lakini kwetu mjomba ana jina. Baba yake anaitwa nani? Nyumba yake iko upande gani wa mto? Ana ng'ombe wangapi? Eh? Mjomba gani huyu, amenunuliwa sokoni?”

Mwanamume akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. Yule mwanamke akapiga kelele, si maneno, kelele tu, na karai likapinduka. Nikajivuta. Nikakimbia kwenye maji ya sabuni, kiatu kikatoka, sikurudi kukichukua.

Yule mwanamke alinikuta barabarani akihema, akanishika bega, akanisindikiza mpaka stejini penye matatu. Hakuniuliza nilikuwa natafuta nini pale. Hakunigombeza. Alisema tu, “Nenda umwambie mama yako.”

“Mama yangu amekufa.”

“Basi mwambie anayekupikia.”

Nami nikafikiri: anayepika ni mimi. Nikarudi nyumbani, nikawaambia habari ya tope, nikasonga ugali.

Ilikuja barua moja zaidi. Ilisema nikithubutu kusema, barua zangu zote zitafika kwa yule naibu na zitasomwa gwarideni, na Dani atanitoa shule. Niliamini. Nilizifunga barua zake kwa utepe wa leso kuukuu ya Mama nikazificha kwenye mkebe wa mbegu za mtama. Na hili pia nitakuambia, kwa sababu labda siku moja litakupata nawe ukadhani una kichaa: nilizikumbuka. Kwa miezi mingi nilimwogopa yule mwanamume nikiwa ninamtamani yule mvulana ambaye hakuwahi kuwapo. Nilimlilia kama mtu aliyefiwa. Nilidhani mtu anayemkumbuka adui yake basi alitaka yaliyompata. Si kweli. Niliyemkumbuka ni mtu aliyenisikiliza, na kutaka kusikilizwa si dhambi.

Sasa nakuja kwenye siku ya Alhamisi.

Alhamisi nilikuwa nikipanga nguo zako kwenye sanduku la chuma. Chini kabisa, ndani ya sweta lako jekundu, kulikuwa na bahasha tatu. Zimetoka Homa Bay. Jina lako liko juu yake. Mwandiko ule naujua kuliko wangu.

Nilizisoma, Akoth. Unisamehe, au usinisamehe, ningezisoma tena. Anasema ni mjomba wako Felix, rafiki yangu wa zamani. Anasema amesikia una sauti nzuri. Katika ya tatu anafurahi kwamba unakuja kukaa Homa Bay, maana yeye yuko hapohapo, na anataka mwonane Jumapili ya pili baada ya kufika, nyuma ya posta. “Usimwambie Awuor. Tunataka kumshangaza.” Na ameweka stempu.

Nilizirudisha ndani ya sweta. Siku mbili nimekutazama kana kwamba una homa ambayo ni mimi tu niliyeiona. Umekuwa ukinisaidia kazi na kuimba, hujasema lolote. Sikukasirikia ukimya wako. Nimeutambua. Ni mkono wangu.

Kwa hiyo sikiliza, si kama mtoto anayesikiliza mkubwa. Nisikilize kama mtu aliyetembea nami njia nzima. Yule si mjomba. Hatoki Gwassi, au kama anatoka, hilo halimfanyi kuwa chochote kwetu. Sauti yako kweli ni nzuri, lakini yeye hajawahi kuisikia. Aliisoma kwangu. Hujafanya kosa kumjibu. Hata kama umemtumia picha, hata kama umemwandikia jambo ambalo ukilikumbuka unataka ardhi ikumeze, hujafanya kosa. Mtu mzima aliyekaa chini na kalamu akapanga namna ya kumtenga mtoto na watu wake ndiye mwenye kosa, lote, wala halipunguzwi na chochote ulichoandika wewe.

Sina orodha ya kukupa. Najua tu yale niliyoyaona. Mtu anayekupenda hanuni majuma matatu ukimwambia hapana. Hakuombi uwafiche watu unaolala nao nyumba moja. Na jambo zuri la kweli halihitaji kupita chini ya sweta. Atakuja mwingine baada ya huyu, atakuwa na jina lingine, labda hatatumia barua, labda atakuwa mtu wa karibu sana anayesali vizuri. Ukimshuku, huhitaji kuwa na hakika. Sema tu. Ukisema ukakuta umekosea, tutacheka. Mimi nilisubiri kuwa na hakika, na hakika yangu ilinijia ndani ya ua wa nyumba ya wageni.

Ningetaka kukuzuia usiende. Nimelifikiria tangu Alhamisi, nibaki nawe hapa, nikufungie mlangoni. Halafu nikaona kwamba ningekuwa nafanya kama naibu yule: nakuadhibu wewe kwa sababu ya barua ya mtu mwingine. Unataka shule ile. Unataka kwaya ile kubwa yenye kinanda. Nenda. Ila huendi na siri yake mfukoni, wala mimi sibaki na yangu. Kama sisemi leo, barua hii nayo ni karatasi nyingine iliyofichwa.

Nawasikia mnakuja. Unaimba.

*

Jumapili asubuhi.

Nilisimama hapo. Sasa nakuandikia tu nilichofanya, kile ambacho hukukiona.

Mlipoingia nilikutuma kwa jirani kurudisha ungo. Nikamwambia Dani aketi. Nikatoa mkebe wa mbegu, nikatoa na bahasha zako tatu, nikaziweka zote mapajani mwake. Dani hajui kusoma, kwa hiyo alizishika tu. Nikamsomea barua hii tangu mwanzo, nikiigeuza kwa Kijaluo, neno kwa neno. Nilikuwa sijui kama maneno hayo yapo kwa lugha yetu. Yapo. Sauti ilinipotea mara mbili, na mara zote mbili Dani alingoja.

Nilipofika mahali pa mbuzi na karatasi alinishika mkono.

“Ni huyo? Huyo niliyekuambia umsalimie?”

“Ni huyo, Dani.”

Akavua kitambaa cha kichwa akakikunja magotini, akakikunja tena.

“Nilicheka,” akasema. “Mjomba wa karatasi. Nilicheka nikaenda kuanika omena.”

“Nami nilicheka.”

“Wewe ulikuwa mtoto.” Kisha akasema, “Nyathina,” mwanangu, na alikuwa akiniambia mimi. “Shuleni hakuna atakayekutoa nikiwa hai.”

Uliporudi na ungo mkononi, ukisema umemngoja jirani sana na hakutokea, ulitukuta hivyo. Yaliyofuata unayajua, jinsi ulivyotuona na zile bahasha ukataka kukimbia, na jinsi Dani alivyokuvuta mapajani ingawa miguu yako tayari inagusa chini. Sitayaandika.

Leo Waya amefika mapema, ulipokuwa ukioga. Sikumngoja anywe chai. Nilimpa barua zote mlangoni akiwa amesimama, na alizisoma akiwa amesimama, za kwangu kumi na tisa na zako tatu. Ulimsikia akigomba ukadhani anagombana na mimi. Alikuwa anagombana na yule asiyekuwapo. Aliniuliza sura yake, kitambi, mkoba, nikamwambia. Akaniuliza namba ya sanduku la posta, ipo kwenye kila bahasha. Amesema tukifika Homa Bay tutashukia kwenye kituo cha polisi kabla ya kwenda kwake, na kama askari wa kwanza atacheka, tutamngoja wa pili. Amesema wewe hutaingia ila ukitaka.

Nimesema “tutashukia” kwa sababu nakuja. Nimemwandikia mwalimu wangu wa darasa kwamba sitakuwapo Jumatatu na Jumanne, na nimeandika sababu ya kweli, kwa mistari miwili. Barua hiyo amechukua Dani, ataipeleka mwenyewe. Nimevaa sare, kwa kuwa ndiyo nguo yangu nzuri. Nimefunga barua zake kwa mpangilio wa tarehe. Yule mwanamke wa Kegonga sikuwahi kumuuliza jina. Nimemwambia Waya kwamba siku ya kurudi nitapitia Migori nimtafute.

Hii ya kwako nimeiweka kwenye sanduku lako, juu kabisa ya nguo, karibu na kitabu cha nyimbo. Bahasha sikuifunga. Nimewaambia Dani na Waya iko wapi, na kwamba wanaweza kuisoma.

Awuor